Panchi ya Mpini: Kuifua Mwenyewe na Kuirekebisha Hadi Itoboe Sawasawa

Shoka la kienyeji halina tundu. Chuma chake kina mkia mwembamba unaopenya kichwa cha rungu la mti, na kadiri unavyokata ndivyo mkia unavyozidi kujikaza. Kwa hiyo mhunzi anaweza kufua visu, mikuki na mashoka ya mkia miaka na miaka bila kuhitaji kutoboa chuma kinene kwenye moto. Shida huanza siku mteja anapotaka nyundo, sururu au shoka la tundu. Ukitoboa kwa drili, chuma chote kilichokuwa pale kinaondoka kama vumbi na ukuta wa tundu unabaki mwembamba. Panchi ya moto, yaani chuma chenye ncha unachokigongelea kwa nyundo ndani ya chuma kilichopashwa, hufanya kinyume: inakisukuma chuma pembeni, mashavu ya tundu yanabaki manene, na kinachopotea ni kidonge kidogo tu.

Panchi fupi ya kushika mkononi inawezekana, na mimi nilianza nayo. Lakini pande la chuma la unene wa sentimita 3 likiwa rangi ya chungwa linachoma vidole kabla hujaligusa. Unaharakisha, panchi inalala upande, na nyundo inashuka karibu na kiganja. Mpini unauweka mkono mbali na joto na mbali na njia ya nyundo, ukapata nafasi ya kuangalia kama panchi imesimama wima. Nitaeleza namna ya kuifua, lakini nataka ushike jambo moja tangu mwanzo: panchi ikitoka kwenye moto bado iko nusu. Nusu ya pili unaifanya baada ya kutoboa nayo tundu la kwanza na kuliangalia hilo tundu vizuri.

Chuma cha kutumia

Nondo ya ujenzi usihangaike nayo. Ukiipasha na kuipiga itachanua ncha kwenye tundu la pili. Unahitaji chuma chenye kaboni ya kutosha kushika ugumu, nacho kimejaa kwa wauza vyuma chakavu. Ninachopenda kuliko vyote ni hafu shafti, ule mkono wa chuma unaopeleka nguvu kutoka kwenye difu, ule mfumo wa gia katikati ya ekseli, hadi kwenye tairi. Tafuta yenye kipenyo cha milimita 28 hadi 32. Koili springi za gari dogo ni chuma kizuri, lakini ni nyembamba mno kutoboa jicho, yaani tundu la kuingizia mpini. Zinafaa kwa panchi ya kuzungushia ufito, ambayo nitaigusa mwishoni.

Iangalie shafti kwenye mwanga kabla ya kulipa. Iliyokatika kwa kuchoka huwa na nyufa zisizoonekana karibu na pale ilipokatikia, kwa hiyo acha sentimita 10 kutoka kwenye mvunjiko na ukate kipande chako mbele ya hapo. Chochote kilichopakwa zinki, kile kinachong'aa kama bati la paa, kisiingie kwenye moto wako kabisa. Moshi wa zinki unaleta homa na kubana kifua.

Hakikisha pia kwamba kweli kinakazika, yaani kinakuwa kigumu kikipashwa na kupozwa ghafla. Kata kipande cha ukubwa wa kidole kutoka shafti hiyohiyo, kipashe mpaka sumaku iache kukishika, ongeza joto kidogo, kisha kizamishe kwenye mafuta. Kikipoa pitisha tupa. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, umepata. Kishike kwenye vaisi, kifunike kitambaa kizito, ukivunje kwa nyundo na kutazama ndani. Chembe laini za kijivu ni dalili njema. Ukiona chembe kubwa zinazometa kama chumvi ya mawe, chuma si kibaya. Wewe ndiye uliyezidisha moto, na huo ni ujumbe wa kukumbuka utakapofika kwenye kazi yenyewe.

Kulainisha na kutoboa jicho

Kata sentimita 16. Kwa unene wa milimita 30, kipande hicho kina uzito wa karibu gramu 900.

Hafu shafti nyingi zimekazwa kiwandani kwenye ngozi ya juu. Ukienda nazo moja kwa moja kwenye drili, utaunguza biti. Pasha kipande chote hadi wekundu wa kung'aa, kisha kifukie ndani ya ndoo ya jivu kavu na ukilaze humo usiku kucha. Asubuhi kitakuwa bado vuguvugu, na tupa itakila bila kelele.

Hapa kuna swali la yai na kuku: ili utoboe jicho la panchi kwa moto unahitaji panchi. Kwa panchi ya kwanza tumia drili. Pasha sehemu ya katikati na uipige pande mbili zinazotazamana, uipate bapa kidogo ili biti isiteleze. Weka alama mbili kwa senta panchi, ile ndogo ya kutia nukta kabla ya drili, zikiwa kwenye mstari wa urefu wa kipande, umbali wa milimita 12 kati yao, na nukta ya katikati yao iwe sentimita 6.5 kutoka upande utakaopigwa nyundo. Toboa kila alama kwa biti ya milimita 10, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukuta mwembamba uliobaki katikati ya matundu mawili uondoe kwa tupa ya mviringo. Sasa una mfereji wa milimita 10 kwa 22.

Chukua muda kwenye alama hizo. Tundu la jicho likienda mshazari, mpini utakaa umepinda, na kila utakapoushika mpini usawa, panchi itakuwa imelala. Hili halirekebishiki kwa tupa.

Mfereji wa drili una pembe na kona zinazoweza kuanzisha ufa, kwa hiyo unaupanua kwa moto. Fua kipanuzi kutoka kipande cha springi pleti: kirefu kama kiganja, chembamba ncha zote mbili, na katikati kiwe na umbo la yai la milimita 15 kwa 25. Pasha kipande hadi rangi ya chungwa, kiweke juu ya tundu la fuawe na ukisukume kipanuzi kwa nyundo hadi kipite na kuanguka chini. Wengi tunafulia juu ya kipande cha reli kisicho na tundu. Tafuta nati kubwa ya lori uiweke chini ya jicho. Fanya nusu upande mmoja, geuza, maliza upande wa pili. Mashavu yatavimba pande zote mbili, na mvimbo huo ndio nguvu ya kifaa. Usiupige kuurudisha ndani.

Kufua ncha

Upande mrefu, ule wa sentimita 9 na ushee, ndio wa kutoboa. Pasha hadi chungwa la kukaribia njano, na usiendelee kupiga rangi ikishuka kwenye wekundu wa damu iliyoganda, kwa maana chuma cha namna hii kikipigwa baridi hupasuka ndani bila kukuonyesha.

Mfuaji anayeanza anataka kuchonga mviringo moja kwa moja. Usifanye hivyo. Kwanza ifanye ncha kuwa ya pembe nne, ikichongoka polepole. Ikifikia wembamba unaotaka, piga kona nne upate pembe nane, halafu zungusha taratibu kwa mapigo mepesi hadi iwe mviringo. Ukizungusha tangu mwanzo, katikati ya chuma hufunguka kama bua la muwa lililokanyagwa, na ufa huo utauona siku ya kwanza ya kazi.

Vipimo vya panchi yangu ya kila siku: mwisho wa ncha una kipenyo cha milimita 10, unanenepa hadi milimita 14 ukipanda sentimita 5, kisha unaungana na mwili kwa bega la duara. Ncha nyembamba isiwe ndefu kuliko kazi inavyohitaji. Kama chuma unachotoboa kina unene wa sentimita 3, sentimita 5 zinatosha. Ukiifanya 8 itapinda.

Uso wa ncha uwe bapa na ukingo wake uwe mkali pande zote. Watu wengi huikosea panchi hapa kwa kuichonga kama msumari. Ncha kali hupasua chuma na kukisukuma, lakini haikati kidonge. Ukingo mkali wa uso bapa ndio unaokata kidonge safi upande wa pili. Maliza kwa grenda, ukiichovya majini kila baada ya sekunde chache, kisha isimamishe panchi juu ya bamba lililonyooka na uitazame kutoka pande mbili. Ikisimama wima bila kuegemea, uso uko sawa.

Kichwa kinachopigwa nacho kina sheria yake. Kichonge kidogo kuzunguka ukingo, kiwe na mgongo wa duara kama kifuniko cha sufuria, ili nyundo iguse katikati.

Ugumu

Kwanza kiondolee chuma uchovu wa kufuliwa. Pasha kifaa chote hadi sumaku iache kukishika, kitoe, kiache kipoe hewani mpaka weusi. Rudia mara tatu. Hatua hii inachosha kwa sababu hakuna kinachoonekana kubadilika, ila chembe za ndani zinarudi kuwa ndogo.

Kisha pasha ncha tu, sentimita 3 za mwisho. Sumaku huacha kushika karibu nyuzi 770. Ongeza kidogo hadi wekundu uliokolea sawasawa, kama nyuzi 830. Ifanye kazi hii kivulini au jioni, maana jua la mchana linakuibia rangi na utazidisha moto bila kujua. Zamisha ncha kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi kama nyuzi 50, ukiichezesha juu na chini ili kusiwe na mstari mmoja wa ghafla kati ya moto na baridi. Mafuta yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, kwa sababu yanaweza kushika moto, na maji usiyamwagie yakishika, funika tu. Oili chafu ya injini iache, moshi wake ni sumu.

Maji yanavutia kwa kuwa yapo. Panchi yangu ya kwanza ya mpini niliizima kwa maji ya ndoo. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjwa chumba cha pili, na nilipoipangusa kulikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi sentimita 2 juu. Kazi ya siku nzima ikarudi kwenye chuma chakavu.

Ncha ikitoka kwenye mafuta ni ngumu lakini haina ukakamavu, itamegeka. Ing'arishe kwa msasa upate chuma cheupe, halafu pasha sehemu iliyo karibu na jicho, si ncha yenyewe, ukiangalia rangi zinavyosafiri kushuka. Zitakuja kwa mpangilio: rangi ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Patasi ya kukatia chuma baridi ungeisimamisha kwenye kahawia. Panchi ya moto iache ifike buluu kamili, karibu nyuzi 300, ndipo uichovye. Itapata joto kila siku ndani ya chuma kingine, kwa hiyo ugumu wa ziada utaondoka wenyewe. Unachohitaji ni ukakamavu.

Kichwa kisizimwe kwenye mafuta kamwe. Kichwa kigumu kikikutana na nyundo ngumu hutoa vipande vinavyoruka kama risasi. Nina alama kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ya kipande kisichozidi punje ya mchele. Kilipita shati na ngozi na kilitolewa kwa kisu cha daktari. Kingekuwa sentimita 50 juu zaidi, nisingekuwa naandika kuhusu mkono. Vaa miwani ya kazi, hata kwa pigo moja.

Mpini

Mpera uliokauka vizuri kivulini ni mti mzuri sana kwa mpini wa kifaa cha kupigwa: mgumu, nyuzi zimesokotana, haupasuki ovyo. Urefu sentimita 40 hadi 45. Chonga uingie kwenye jicho kwa kusukumwa na kugongwa kidogo, utokeze upande wa pili kama sentimita 2.

Usiutie kabari. Mtu aliyezoea nyundo anashangaa hapa, lakini nyundo unaizungusha wewe, panchi inapigwa na mwingine. Mpini uliokazwa kwa kabari unapeleka kila mtikisiko wa nyundo ya kilo 3 kwenye viungo vya mkono wako, na jioni huwezi kushika kikombe. Mpini ulio huru kidogo unanyamazisha pigo. Pia siku jicho likipata moto sana, au siku unataka kuirudisha ncha kwenye jiko, unaugonga tu ukatoka.

Tundu la kwanza

Tumia kipande cha nondo nene au baa ya chuma laini, unene wa milimita 20 hadi 25, ambacho hutajutia. Hii ni kazi ya watu wawili: wewe unashika kazi, yaani kipande kinachotobolewa, kwa koleo na panchi kwa mpini, mpigaji wako anashika nyundo kubwa. Kama uko peke yako, chukua mnyororo wa zamani wa pikipiki, ufunge upande mmoja nyuma ya fuawe, uupitishe juu ya kazi, na upande wa pili uning'inize uzito wa kilo kadhaa. Utakushikia kazi.

Pasha hadi njano ya chungwa. Weka panchi, pigo moja jepesi, inua, tazama alama iko katikati. Kama haiko, huu ndio wakati wa mwisho wa kuisogeza. Kisha mapigo matatu au manne mazito, toa panchi, ichovye majini, na udondoshee kwenye shimo chembe ya mkaa uliosagwa. Mkaa huo unaungua chini ya panchi na gesi yake inaisukuma isigande. Rudia. Usizidishe mapigo manne kwa hamu ya kumaliza: ncha ikifikia wekundu ndani ya shimo itavimba, na panchi iliyovimba ndani haitoki.

Utajua umefika karibu na chini kwa sauti na kwa mkono. Mwanzoni nyundo inatoa mlio mzito uliomezwa. Ghafla unakuwa mkavu, na mpini unaruka kidogo mkononi. Panchi imebana utando mwembamba wa chuma dhidi ya fuawe. Acha hapo. Geuza kazi na uinamie uitazame haraka: kwenye wekundu wote utaona doa jeusi la duara, ukubwa wa shilingi ndogo. Pale ndipo panchi na fuawe zimepoza chuma. Weka ncha juu ya doa hilo hasa, sogeza kazi juu ya tundu la fuawe au nati yako, na pigo moja la nguvu linatosha. Kidonge kinaanguka chini kikilia.

Kulisoma tundu

Kiokote kidonge kikipoa, usikitupe. Weka kidonge na tundu mezani, uchukue grenda na msasa.

Kidonge chenye ukingo safi upande mmoja na manyoya upande wa pili kinakuambia ukingo wa panchi umechakaa sehemu moja, au uso wake hauko bapa. Rudisha kwenye bamba, angalia inaegemea wapi, saga upande ulio kinyume na huo tu. Kidonge chenye manyoya pande zote ni ukingo uliolika wote, na kusaga uso milimita moja kunaumaliza ugonjwa.

Tundu likiwa limeinama, usimlaumu mpigaji mara moja. Toboa lingine ukiwa umegeuza panchi upande wa pili, mpini ukitokea kulia badala ya kushoto. Mwinamo ukigeuka pamoja na panchi, kosa liko kwenye ncha. Ukibaki ulipokuwa, kosa liko kwenye mikono au kwenye fuawe isiyo sawa.

Panchi inayoganda kila mara ina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni mikwaruzo ya grenda inayozunguka ncha kama nyuzi za parafujo. Iondoe kwa msasa, ukisugua kwa urefu kutoka bega hadi ncha, mpaka kucha ipite bila kukwama. Ya pili ni ncha isiyochongoka vya kutosha. Ikiwa milimita 10 mwishoni na bado ni 10 sentimita 3 juu, tundu litaikumbatia. Ikiganda kazini, igonge kulia na kushoto kazi ikiwa bado nyekundu. Ukiacha hadi kazi iwe nyeusi, chuma kimeshasinyaa na kuibana, na itabidi uvirudishe vyote viwili motoni na kuikaza ncha upya.

Ncha iliyomegeka ukingoni ilikuwa ngumu mno, basi ing'arishe upya uipitishe buluu hadi kijivu. Iliyopinda au kuvimba baada ya matundu mawili haikukazwa ipasavyo, au umeipa mapigo mengi bila kuichovya.

Kichwa nacho kitachanua kama uyoga baada ya wiki kadhaa. Saga midomo yote inayoning'inia kabla haijaanza kukatika, na urudishe mgongo wake wa duara.

Panchi hii ya kwanza ikishakaa sawa, ya pili haihitaji drili. Kwa jicho la nyundo fua yenye ncha bapa, milimita 6 kwa 20, kona zake zikiwa zimezungushwa. Itakupa mfereji ambao kipanuzi chako kitaufungua. Na kwa vipande vya koili springi, kata sentimita 15, chonga shingo kidogo katikati, kisha chukua ufito laini wa milimita 8, uupashe na kuuzungusha mara moja na nusu kwenye shingo, ncha zake mbili uzisokote pamoja ziwe mpini. Hiyo ni ya matundu madogo, ya milimita 5 hadi 8, na unaweza kufua tatu kwa asubuhi moja.